Wimbo wa Yakobo Shambani

Mpaka leo nikisikia majembe yakiingia ardhini kwa pamoja, miguu yangu haitulii. Narudi Tura, wakati wa Mwingereza, mvua za kwanza zimenyesha na udongo unanukia hadi unatamani kuulamba.

Mwaka ule nyumbani kwetu hapakukalika. Kaka yetu mkubwa, Zakaria, alikuwa amepanda treni kwenda kukata mkonge Tanga, na tangu hapo kimya. Sasa Petro, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alitaka kwenda kumtafuta. Baba alikataa katakata. Kila treni ikilia, Petro aliinuka, Baba alikohoa, na mimi hamu ya kula iliniisha.

Kwetu watu walialikana kulima, na aliyeongoza wimbo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Aliyeguswa alijibu kwa wimbo. Jambo likishaamuliwa mbele ya majembe, nyumbani halikufufuliwa tena. Mwimbishaji wetu alikuwa Mama. Jumapili kanisani, Jumatatu shambani, sauti ileile. Katika nyimbo zake, Musa na watu wake aliwapitisha njia ya wapagazi wa zamani, mizigo kichwani, hadi nikaamini Yordani iko nyuma tu ya kijiji cha Kwihara.

Siku kundi la wakulima lilipofika shambani kwetu, Mama akawa Yakobo. “Yusufu hayupo,” aliimba, “na huyu Benyamini simtoi!” Watu wakaitikia, matuta yakainuka. Baba akatabasamu, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. Mimi niliyetaka Petro aende nilimchukia Mama papo hapo.

Petro akanyoosha mgongo. Akajibu kwa wimbo: “Baba Yakobo, njaa imeingia! Mwache Benyamini aende, ndugu yake yuko Misri!”

Wakaitikia kwa kishindo, maana kila mmoja aliijua hadithi ile hadi mwisho. Baba aliendelea kukwangua jembe lake ingawa lilishakuwa safi.

“Haya, aende,” alisema.

Mama hakuimba tena siku ile. Nilidhani ameona haya kushindwa na mwanawe, na nilifurahi sana.

Nilielewa nilipokuwa na watoto wangu. Mama aliyajua Maandiko kuliko sisi sote. Angetaka kumzuia Petro, angeimba habari za Absalomu aliyemwasi babaye akafa, au za Abeli aliyetoka na nduguye asirudi. Alichagua ya mzee ambaye mwishoni hulegea.

Petro naye hakurudi. Baba aliulaumu wimbo wa Petro mpaka anakufa, na Mama alikaa kando yake akisikiliza, bila kusema kwamba ulikuwa wake.