Depo au Dipu

Ukitoka Masii kuja kwetu utakuta kilima kinachoitwa Ndivu, na juu yake nyumba ya Koplo mstaafu Kiema, mtu pekee ninayemjua aliyewahi kupigiwa saluti kwa sababu ya mtaro.

Kiema alipika ugali jeshini miaka mingi, kisha akarudi nyumbani na sauti ya jenerali. Kando ya nyumba yake kuna mtaro mrefu wa saruji uliojaa majani, na siku moja, akinywa chai, akaugundua. Akatangaza kwamba lile ni handaki la vita. Enzi za mkoloni, alisema, jeshi liligawa nchi katika wilaya zake lenyewe, na makao makuu ya wilaya yetu yalikuwa uani kwake. Wazungu waliyaita depo. Mababu zetu, kwa ulimi wa Kikamba usiopatana na herufi P, wakasema Ndivu. Ushahidi uliishia hapo, na kwa Kiema ulitosha kabisa.

"Ndivu ni dipu," mkewe Ndunge alimwambia. "Ng'ombe za baba zilikuwa zinaogeshwa dawa ya kupe hapo. Mimi mwenyewe nilizipeleka."

"Wewe nyamaza. Hujui historia."

Basi Ndunge akanyamaza, na historia ikanenepa. Kila mwaka ilizaa kanali mwingine. Kufikia juzi wilaya ya kijeshi ya Kiema ilikuwa na ghala la risasi, jela na bendi. Watoto wa shule waliletwa wakapanga mstari ukingoni, wakaupigia mtaro saluti, naye Kiema akaipokea kwa niaba ya makanali marehemu. Sisi majirani tulimwita Kamanda, na tulifurahia sana. Kijiji kisicho na lami kinahitaji angalau vita.

Kilichokosekana ni bango la serikali la kutambua mahali pa kihistoria. Kiema aliliomba kwa chifu, akaliomba barazani, akaliomba hata kwenye mazishi ya watu. Hati ya shamba ndiyo hakuwahi kuiomba. Alisema kamanda haombi hati ya kambi yake.

Mwaka huu akaja afisa wa ardhi, Bwana Mwangangi, na mashine yake ya kupimia. Kiema, akidhani bango limefika, alivaa koti la jeshi, akamtembeza kila pembe huku sisi tukifuata nyuma.

"Kwa hivyo, mzee, hii yote ilikuwa ya jeshi?"

"Yote, afande! Hata pale jikoni."

"Uko na hakika?"

"Kabisa."

"Sawa. Shamba ya jeshi ni ya serikali, na wewe hauko na hati. Mtapewa miezi tatu mhame."

 Hapo ndipo Kiema alipozaliwa, ndipo alipomzika mama yake, na hana pengine pa kwenda. Akageuka akamtafuta mke ambaye yeye mwenyewe alimnyamazisha miaka yote hiyo.

"Mama Musili," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya mpishi, "hebu mwambie. Ile maneno ya ng'ombe."

Ndunge alijifuta mikono kwa leso, taratibu. Mimi niliyezoea kumcheka Kiema nilimwonea huruma mpaka nikaangalia chini.

"Hapa hakukuwa na jeshi," Ndunge alisema. "Ilikuwa dipu. Kijiji yote ilileta ng'ombe hapa."

"Kijiji yote?" Mwangangi akauliza.

"Yote."

"Ya serikali?"

Ndunge alimtazama mumewe, kisha akaitikia kwa kichwa. Dipu nyingine ingekuwa ya nani?

"Asante, mama," Mwangangi akasema. "Dipu pia ni ya umma. Miezi ni ile ile tatu."

Akapigilia kigingi kando ya jiko, akaingia garini. Gari lilipoondoka, mkono wa Kiema ukapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, kwa mazoea tu.

"Teremsha huo mkono, Kamanda," Ndunge alisema. "Tutauhitaji kufunga mizigo."