Kufunga Kompyuta Saa ya Chai

Kwa ile ofisi ya mbolea hapa Kitale mimi nilikuwa mtu wa chai na ufagio. Kusoma sijui, lakini sauti za watu nimezibeba zote. Meneja aliongea kwa pua kama mtu ako na homa tangu azaliwe. Karani wa mbolea, msichana wa Kimilili, alikuwa na sauti ya chini, ananiita Kukhu, vile sisi huita nyanya. Alikuwa analea mtoto peke yake na hiyo kazi.

Yeye ndiye alikuwa anaruhusu mbolea. Akibonyeza hapa Kitale, stoo ya Bungoma wanaona jina lake kwa kompyuta yao, wanapakia lori. Hawaulizi mtu.

Sasa fundi wa kompyuta akatumwa kutoka Bungoma, mtu wa kwetu kabisa, ulimi kama wangu. "Wamama, kompyuta ukiacha wazi ni kama mrango. Ukiinuka, funga. Hata kama ni choo unaenda, bana, funga! Bonyeza hapa na hapa, basi, haifunguki mpaka uweke paswadi." Wakamwitikia sawa, sawa. Akitoka tu wakaacha vile walikuwa.

Karani peke yake ndiye alishika. Nikiita chai saa nne, wote wanainuka, yeye anabaki kidogo anafunga. Hiyo ikaleta maneno. Chai yetu ilikuwa ya pamoja, tunaomba, halafu tunakunywa. Mkoba unaacha kwa kiti, simu kwa meza, kompyuta vile iko. Kufunga ni kama kufunika ugali ukiona jirani anaingia. Mama wa risiti, sauti kama filimbi, akaanza: "Heee! Madam anafungia nani? Kwani sisi ni wezi? Ama umeficha bwana huko ndani?" Kila siku hivyo, na watu wanacheka. Msichana akachoka. Akaacha kufunga.

Haikukaa. Asubuhi moja meneja akatuita. Bungoma walikuwa wametoa lori mzima wa mbolea, umeenda mahali haijulikani, na ruhusa ilitoka Kitale jana saa ya chai, kwa jina la karani.

"Kompyuta imesema ni wewe," meneja akasema na ile pua.

"Bosi, nilikuwa nakunywa chai."

"Ni kweli," nikasema, "si mimi ndio nilimwekea?"

"Mama, wewe shika sufuria yako. Haya, nani hakuwa kwa chai?"

Mama wa risiti akasema, "Sisi wote tulikuwa." Mwingine, "Wote." Wakazunguka hivyo, kila mtu akimfunika mwenzake, vile tumezoea. Meneja akasema kama ni hivyo, basi karani amempa mtu wa nje paswadi yake. Akamfuta kazi siku hiyo hiyo.

Nilimsaidia kubeba vitu mpaka steji ya matatu za Kimilili: sweta, kikombe, slipasi zake za ofisi. Akaniuliza, "Kukhu, wewe ndio ulikuwa unazungusha chai. Nani hakuwa?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa naangalia vikombe, siangalii watu.

Siku hizi pale kila mtu anafunga. Hata akiinama kuokota kalamu, anafunga, na mama wa risiti ndiye wa kwanza. Chai kila mtu anakunywa kwa meza yake. Maombi pia iliisha, na hakuna mtu alisema iishe.

Juzi msichana akanipigia. Alikuwa ameomba kazi kwa ofisi moja Bungoma, wamempenda, halafu wakapiga simu Kitale kuuliza juu yake.

"Wameambiwa, Kukhu."

Nikatafuta kitu ya kumchekesha, nikamfanyia sauti ya meneja: "Kompyuta imesema ni wewe!" Nikavuta pua vizuri kabisa.

"Kukhu," akasema, "hiyo sauti usinifanyie tena."

Nikamwambia sawa, mwanangu.