Aliyeshindana Nami Mnadani

Wanaonijua hapa Bunia wanajua kinywa changu hakina breki, lakini jambo hili sikulitia chumvi. Lilitokea mchana kweupe, nami sijaonja pombe.

Bunduki zilikuwa zimenyamaza, mioyo bado. Binti yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Kasenyi, na kati ya watu wao na watu wetu damu ilikuwa imemwagika. Unajua kilichonitisha? Siku zile mtu alikuwa hali kwa mtu, kwa kuogopa sumu. Wakwe wakikataa chakula changu, ndoa imekufa. Nikasema angalau niwatandikie meza ya heshima.

Nikasikia kuna mnada. Familia moja ilikuwa inahamia Kisangani, inauza vyombo vya zamani: kabati la mvule, viti vya kuchonga, na sahani za kauri zenye maua ya buluu. Nilizipenda sahani zile mpaka nikaona haya.

Dalali akataja bei, nikanyoosha mkono. Mama mmoja mnene, kitambaa cha buluu kichwani, naye akanyoosha. Nikapandisha, akanyoosha tena. Watu wakaanza kunicheka, nami nikazidi kukasirika. Nani anapenda kushindwa mbele ya watu? Mwishowe yule mama akanisogelea, akaniuliza polepole:

— Weye utafungia hizi sahani mu kabati, ao watu watakulia chakula ndani?

— Watu watakulia ndani, mama.

Akashusha mkono. Sahani zikawa zangu.

Siku ya karamu wakwe wakaketi. Bugali ikapoa, sombe, kisamvu chetu, ikapoa. Kila mtu alikodolea macho sahani yake utadhani ametumwa kuhesabu maua. Niamini, nilitamani ardhi inimeze. Ndipo akaingia mama yule yule, wala sikumwalika. Akavuta kiti, akapakua kila kitu, akala kwa furaha huku akinitania kwamba chumvi nimemwaga yote. Baba mkwe, baba wa bwana harusi, akacheka. Kisha akakata bugali. Kufumba na kufumbua tulikuwa tunagombania vichwa vya samaki, nami nalia kwa raha jikoni.

Watu wetu walidhani ni wa upande wa wakwe. Wakwe walidhani ni shangazi yangu. Hakuna aliyemwona akitoka.

Kesho yake nikampelekea dalali samaki, nikamwomba amfikishie yule mama niliyeshindana naye. Akanitazama sana, akacheka.

— Mama, siku ile hakukuwa mutu wa kushindana na weye. Ulikuwa unajipandishia bei weye peke yako. Miye niko dalali, ningekukataza namna gani?

Nilipotaja kitambaa cha buluu, kicheko kikamkauka. Akasema huyo ndiye aliyekuwa mwenye sahani, mama wa familia ile iliyohama, jirani yake yeye dalali. Alipenda wageni kuliko usingizi, ila alifariki katikati ya vita, wakati hakuna aliyebisha mlango wa mwenzake.

Sasa nina wajukuu, na baba mkwe haachi kupita kwangu kula. Kila karamu, nikiosha vyombo, sahani chafu huzidi walaji kwa moja. Naogopa nini? Sehemu yake naipakua mapema.

Lakini wewe uliyenunua sahani za watu ukazifungia kabatini, fungua leo, ita watu waje kula. Usipowaita wewe, mwenye sahani atakuja kuwaita.