Mama Peres na Mtihani Mwepesi

Philister Were, ambaye Riruta nzima inamwita Mama Peres, hufuma sweta za shule. Mashine yake iko mlangoni mwa kibanda chake, kando ya Barabara ya Naivasha, na ukipita asubuhi utamsikia kabla hujamwona, anaimba nyimbo za kanisani kama vile majirani ni viziwi. Hata siri huinong'ona mpaka mwenye kioski cha ng'ambo anageuza shingo. Nampenda, lakini ananichosha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi nafundisha kwenye chumba cha kukodi pale Adams Arcade, vijana wanaojiandaa kwa SAT, ule mtihani unaotakiwa na vyuo vingi vya Marekani. Peres, binti yake, alikuwa mwanafunzi wangu. Kuna chuo huko kilichokuwa tayari kumsomesha bure iwapo angefikisha alama elfu moja na mia nne. Asipofikisha, basi. Sweta hazijawahi kumvusha mtu bahari.

Jumapili kabla ya mtihani, kanisa liliwaombea watahiniwa kama ilivyo desturi. Wenzake walibeba kalamu na rula zipakwe mafuta. Mtihani wa Peres hufanywa kwa kompyuta, kwa hivyo yeye akabeba laptopu, tena yangu, niliyomwazima. Mchungaji hakuihurumia. Mpaka leo kuna vitufe vinanata. Mama Peres akapiga magoti pale mbele, akapaza sauti: "Baba, fanya huu mtihani ukuwe mwepesi! Mwepesi, Bwana!" Kanisa zima likaitikia amina.

Siku ya mtihani Mama Peres alisimama kwenye lango la kituo cha mtihani tangu asubuhi na chupa yake ya chai. Nami nilikuwepo. Peres akatoka akiangalia viatu vyake.

"Ilikuwa aje?" mama akamuuliza.

"Hesabu ya mwisho ilikuwa rahisi."

Basi! Mama Peres akaruka, akapiga vigelegele, akamkumbatia mpaka bawabu asiyemjua. Akammiminia binti chai, akamwambia anywe, amechoka. Mimi sikuruka.

Watu hudhani alama za mtihani huu hupanda na kushuka kutegemea wenzako mlioketi nao, kwamba ukibahatika kukaa na wajinga umepona. Wapi! Wenzako hawahusiki. Kinachopimwa ni uzito wa maswali uliyopewa wewe. Hesabu huja vipande viwili. Ukifanya vizuri cha kwanza, kompyuta hukufungulia cha pili kilicho kigumu, na alama kubwa ziko huko. Ukikosakosa, hukufungulia chepesi, na hapo hata ukipata yote, kuna dari huwezi kuipita. Mwanafunzi akitoka akisema kipande cha mwisho kilikuwa rahisi, mwalimu wake hana la kushangilia.

Siku chache baadaye nilipita kibandani. Mashine ilikuwa ikinguruma. Mama Peres alikuwa akifuma sweta ndogo za bluu za watoto wa Sunday school. Zilikuwa sadaka ya shukrani, angezitoa Jumapili mbele ya watu wote. Peres alikuwa chini kwenye mkeka akikunja nyuzi.

"Mama Peres," nikasema, "si ungengoja matokeo kwanza?"

"Ningoje nini, Mwalimu, na Mungu ashajibu?"

Nikamtazama Peres. Akaweka nyuzi chini.

"Mum, hiyo kuwa rahisi ndiyo shida," akasema. Akamweleza polepole: vile alivyopata woga kwenye kipande cha kwanza, vile maswali yalivyomchanganya, na vile cha pili kilipofunguka akaona ni vitu vya Form Two, akajua ameanguka.

Mashine ikasimama.

"Kwa hivyo nikiruka pale geti, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukakunywa chai."

"Nikakunywa. Ulikuwa umefurahi sana, Mum."

Nilitamani apige kelele, hata anitukane mimi niliyemfundisha binti yake. Badala yake akazungusha uzi kidoleni.

"Kumbe nilimwombea mtoto wangu akose," akasema mwishowe.

"Si wewe, Mum. Ni mimi nilikosea."

Nilimwambia mama mtihani mwingine uko Desemba, na chuo kingepokea matokeo yake, lakini baada ya huo mlango unafungwa. Akatikisa kichwa tu, akarudi kwenye sweta zake. Hakuimba.

Jumapili alizitoa zile sweta zote. Ahadi ni ahadi, nadhani alijiambia hivyo. Mchungaji akampa maikrofoni, akawaambia watu wajiandae kwa ushuhuda mkubwa. Watu wakapiga makofi. Mama Peres akangoja makofi yaishe.

"Sina ushuhuda," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo. "Peres atarudia mtihani Desemba. Naomba mtuombee ukuwe mgumu."

Wengine wakacheka. Mchungaji akamwinamia kwa upole. "Unamaanisha mwepesi, Mama."

"Mgumu, Pastor. Ule mgumu, wenye wanapewa wale wanaweza."

Kicheko kikaisha. Mchungaji akabaki ameshika chupa ya mafuta, na kanisa lote likawa linamtazama yeye lijue la kuitikia. Kule nyuma, kwenye viti vya vijana, Peres akasimama, machozi yakimtoka, akasema amina peke yake.