Mbweha wa Chumba cha Nyuma

Binti yangu aliacha kula chochote kilichopikwa na dada wa kazi. Mwanzo nilidhani ni deko tu la mtoto wa miaka minane. Akiwekewa sahani, anaichungulia, anaisukuma, kisha anakwenda jikoni kujipakia siagi kwenye mkate. Nilipombana aniambie sababu, alitazama mlango kwanza, halafu akaninong'oneza:

"Mama, yule si mtu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Yote yalitoka kwenye kitabu, na kitabu nilikinunua mwenyewe, katika duka moja hapa Ghubra, Maskati. Ni riwaya ya watoto, imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mwandishi kaijenga juu ya ngano za kale za Wachina. Ndani yake kuna msichana anayeishi mlimani na babu yake, mtengeneza taa za karatasi. Siku moja anakuja mwanamke mgeni kuomba kazi ya kupika. Anapokelewa. Kumbe ni mbweha mwenye mikia tisa, aliyeishi miaka mingi hata akajifunza kuvaa sura ya binadamu, na inasemekana hula watu. Hatambuliki ila kwa dalili: hali chakula pamoja na watu, huongea peke yake alfajiri kwa lugha isiyojulikana, wanyama humwogopa, na hawezi kuvumilia moshi wa majani machungu. Ukimfukizia, mkia hutoka.

Dada wetu alikuwa binti wa Uganda, hajatimiza hata miezi mitatu kwetu. Alikuwa akila peke yake jikoni, kwa kuwa huko alikotoka kufanya kazi kabla yetu ndivyo alivyozoeshwa, na mimi kumwita mezani nilimwita mpaka nikachoka. Alfajiri alisali sala zake za Kikristo kwa Kiganda, kwa sauti ya kusikika ukutani. Paka wetu alimkimbia tangu siku alipomkanyaga mkia. Na kila baada ya magharibi, mama mkwe wangu akianza kufukiza ubani, dada alikohoa, akatoka kwenda kusimama uani.

Kwa binti yangu, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Ningeweza kuyamaliza na mtoto. Tatizo ni kwamba alimwambia bibi yake. Mama mkwe amekulia Unguja, amehamia Maskati akiwa msichana, na mambo ya majini kwake si ya vitabuni. Jioni moja tukinywa chai aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, mtoto hasemi kitu hivi hivi. Na mie nnamuona. Ubani ukiwashwa tu, huyo, mbio nje. Mtu gani anakimbia ubani?"

"Mama, ile ni hadithi. Tena ya Kichina."

"Kwani majini yana pasipoti?"

"Mama!"

"Nnakwambia, mumeo akirudi mwisho wa mwezi, huyo dada arejeshwe ofisi iliyomleta. Sitaki kulala naye nyumba moja."

Mume wangu alikuwa jangwani, kwenye visima vya mafuta, na huwa anarudi kwa zamu. Nilimwambia mama mkwe, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba harejeshwi mtu wa watu kwa ajili ya mbweha. Tangu hapo nyumba ikawa nzito. Bibi akawa anajifungia mlango wa chumba chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Binti yangu akawa hapiti kwenye ukumbi akiwa peke yake. Dada naye aliona anavyotazamwa, na hakujua kwa nini. Aliniuliza mara moja, akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka: "Madamu, mimi nimekosa nini?" Nikamwambia hajakosa kitu, kuna upuuzi wa mtoto, utaisha. Nilikichukua kitabu nikakiweka juu ya kabati langu. Sikujua kwamba mtoto alikwisha kufika ile sura ya moshi.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nyumba ililala kama kawaida. Mimi nilikuwa nimejinyoosha sebuleni, mashine ya baridi inanguruma, usingizi umeanza kunichukua. Nikasikia harufu ya ubani. Nikajiambia mama mkwe leo kawahi. Kisha nikasikia kitu kinagonga. Halafu kikohozi, si cha kawaida, ni kile cha mtu anayetafuta pumzi asiipate.

Nilikimbilia nyuma. Binti yangu alikuwa amekaa chini nje ya chumba cha dada, mgongo ameubana mlangoni, ufunguo ameufumbata mkononi. Waya wa chetezo cha umeme cha bibi yake, kile cha kufukizia ubani, ulipita chini ya mlango, na moshi ulikuwa unatoka pale pale waya ulipopita.

"Nipe ufunguo."

"Subiri, mama. Mkia bado."

"Nipe ufunguo, nimesema!"

"Ukifungua sasa atatula!" Alikuwa analia, na mkono hakuukunjua. Sijawahi kuona hofu kama ile kwa mtoto. Nilipomshika alipiga mateke. Ndani kikohozi kilikuwa kimekatika, imebaki pumzi nyembamba inayopiga filimbi.

Sikumsikia mama mkwe akija. Alisimama juu yetu, kanga begani, akasikiliza mlango kwa muda mfupi sana. Sura yake ikabadilika.

"Pumu hii," akasema. "Dada yangu alikuwa nayo. Lete ufunguo, mtoto we!"

Akaupokonya yeye mwenyewe, akafungua. Moshi ulitupiga usoni. Dada alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mikono imeshika shuka, midomo imegeuka rangi. Alinyooshea kidole mkoba wake uliotundikwa ukutani. Nikaumwaga wote sakafuni, nikalipata bomba dogo la pumu, lakini lilikuwa karibu kwisha. Tulimbeba mimi na mama mkwe mpaka kwenye gari. Njia nzima bibi alikaa naye nyuma, kamwegemeza kifuani, anamwambia, "Taratibu mwanangu, vuta, taratibu."

Hospitali walimwekea hewa. Jioni alikuwa anaweza kusema. Alituambia aliificha pumu kwa ofisi iliyomleta, kwa kuogopa kukataliwa kazi, na kwamba ubani ulikuwa unamsumbua ila aliona aibu kuwaambia watu waache kufukiza nyumba yao. Ndipo nikamweleza habari ya mbweha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanitafuta mkia," akasema.

Mama mkwe alimwomba radhi, akamshika mkono. Mkono ulishikika, lakini haukushika. Dada alisema anataka kwenda kwao. Hataki nyumba nyingine, hataki ofisi, anataka kwao. Mume wangu aliporudi alimkatia tikiti. Siku ya kuondoka binti yangu alijificha nyuma yangu. Dada alichuchumaa ili waonane uso kwa uso.

"Mimi pia nina mtoto," akamwambia. "Naye anaogopa vitu. Lakini wewe ulifunga mlango."

Akanyanyuka, akavuta begi lake.

Wiki ile hakuna aliyefukiza. Kisha jioni moja mama mkwe akaniambia nikitoe kitabu nilikokificha, nimsomee kwa Kiswahili tangu mwanzo, apate kujua ni kitu gani kiliingia nyumbani kwake. Binti yangu alikuja akakaa karibu na miguu ya bibi, hana raha. Nilisoma mlima, nikasoma babu na taa zake, nikasoma mgeni anapika, anafagia, anamfunika mtoto aliyelala. Mama mkwe akaninyanyulia mkono.

"Ngoja. Mpaka hapo ulipofika, huyo mbweha keshamla nani?"

Nikamtazama binti yangu.

"Bado hajamla mtu, bibi," akasema.

"Haya. Soma."