Chungu Kinapopigwa, Mzee Panju Hula

Mtu akikuambia kwamba Mzee Panju anapenda muziki, mkubalie tu, usipoteze pumzi zako. Mtaa wetu mzima wa Mylapore unaamini hivyo. Desemba ikiingia, mji wote wa Chennai unapopandwa na wazimu wa matamasha, yeye hutoka nyumbani amejifunga shuka jeupe lililopigwa pasi, mistari mitatu ya majivu matakatifu kwenye paji la uso na shali begani, akaja kuketi safu ya mbele ya ukumbi wetu, kiti cha pembeni kabisa. Watu husema anakaa pembeni ili aione vizuri mikono ya wapigaji. Uongo mtupu. Anakaa pembeni kwa sababu hapo ndipo njia ya kuja kantini kwangu ilipo.

Mimi ni Dharmambal, mpishi wa kantini hiyo. Shangazi Dharma, ndivyo wanavyoniita. Nilianza kupika pale mume wangu akiwa hai, na wapenzi wa muziki nawajua kwa matumbo yao.

Huyu Panju alikuwa karani wa bima. Akastaafu, akawa bingwa. Hajawahi kupiga chombo chochote, na akijaribu kuimba hata kunguru wa mtaa huhama. Kazi yake ni kutikisa kichwa. Akitikisa yeye, safu ya nyuma inatikisa. Akisonya, nao wanasonya. Huo ndio ukubwa wake wote, na kwa ukubwa huo wamempa ujumbe wa kamati ya ukumbi, kamati ile ile inayoamua kila mwaka nani apewe kantini.

Mimi huo muziki wa jukwaani siujui. Sijui jina la wimbo hata mmoja, wala sioni haya. Mimi ni mtu wa sinema. Redio yangu hukaa juu ya gunia la mchele, na bila nyimbo za filamu hata unga hauumuki. Siku yangu ya mapumziko naenda kuangalia picha ya mchana. Naketi kule mbele kwa watu wa bei ya chini, nalia panapoliza, na shujaa akiingia napiga mluzi. Mjane mzima, mvi kichwani, mluzi! Wapo walionisema. Nami nikawaambia wakome.

Mzee Panju hawezi kupita dirishani kwangu, sambari yangu ya dengu ikichemka, bila kuichokoza redio ile.

"Shangazi, zima makelele hayo. Sambari itaharibika."

"Sambari haina masikio, mzee. Kula."

"Nyimbo za filamu ni makapi. Nyimbo za makuli na wasichana wa shule."

"Basi mimi kuli. Unataka chatne ya nazi au ya nyanya?"

"Zote mbili," anasema, tena bila aibu.

Halafu siku moja nikamwona. Nilikuwa kwenye sinema moja huko Mambalam, picha inakaribia kwisha, mama wa shujaa anakata roho. Viti vichache mbele yangu kuna mzee analia kwa kwikwi, leso imelowa chepechepe. Majivu ameyafuta, shali kaiacha nyumbani, kavaa shati la kola. Picha ikaisha, majina yakapita, watu wakaondoka, taa zikawashwa, na yeye bado ameketi palepale anafuta macho. Alikuwa Panju! Sikumsemesha, wala sikumwambia mtu. Usidhani ni huruma. Niliiweka habari ile kama achari, ikolee.

Sasa nikueleze dhambi kubwa ya Panju na wenzake. Katikati ya kila tamasha, wimbo mrefu ukishakolea, mwimbaji hunyamaza na kuwaachia uwanja ngoma na chungu. Ndiyo, chungu cha udongo, kama cha maji. Mpigaji anakipakata mdomo wa chungu ukielekea tumboni mwake na kukigonga kwa vidole. Ngoma inasema, chungu kinajibu, mpaka vinakutana pamoja mwishoni. Hapo ndipo hawa wapenzi wa muziki huinuka wote, kama wanafunzi waliopigiwa kengele ya mapumziko. Panju ndiye huanza. Akishainuka yeye, ukumbi mzima unaona ruhusa imetoka, na wote wananijia mbio kuwahi dosa, zile chapati zangu nyembamba za unga wa mchele, kabla hazijaisha.

Na kula si kitu, kila mtu ana tumbo. Kinachonichefua ni kwamba Panju hula huku anahukumu. Mdomo umejaa dosa, kuta zimesimama kati yake na jukwaa, kule ndani kazi ndiyo kwanza imeanza, na yeye anatangaza: "Leo ngoma imelala. Chungu nacho, hamna kitu." Na wale kondoo wake wanaitikia kwa vichwa, chatne inawachuruzika vidoleni.

Chungu hicho anakipiga mwanangu, Raghu.

Alipokuwa mdogo alikuwa hawezi kuona sufuria yangu bila kuigonga. Baba yake akampeleka kwa mwalimu mmoja mkali aliyekuwa akimchapa vidole, na mtoto akarudi huko kila siku bila kutumwa. Leo ni mtu mzima, vidole vimeota sugu, na msimu baada ya msimu anapigia feni na viti vitupu. Halafu wiki moja alikuja nyumbani, akakifunga chungu kwenye kitambaa chake, akaketi bila kunawa.

"Mama, Jumapili hii ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho kivipi?"

"Binamu Sundaresan anatafuta mtu wa duka lake la vigae, kule Tiruppur. Nimemwambia Jumatatu nampa jibu."

"Chungu kimekukosea nini?"

"Chungu hakina kosa. Nimechoka kupigia migongo ya watu." Akanitazama. "Hata wewe, Mama. Umeshawahi kunisikia pale, hata mara moja?"

Ningemsikia vipi? Anapoanza kupiga ndipo foleni inapofika dirishani kwangu. Wanaomkimbia mwanangu ninawalisha mimi, na kuwaongezea sambari. Nilipolitambua hilo niliwaka hasira hata nikaunguza mchuzi.

Jumapili ukumbi ulifurika, maana mwimbaji alikuwa binti mmoja ambaye mji mzima ulikuwa unamsema. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka. Msaidizi wangu Gomati alikuwa amekwisha kupanga majani ya migomba ya kulia chakula, na kikaango kilikuwa cha moto. Mara sauti ya mwimbaji ikakatika na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

"Gomati, zima gesi."

"Shangazi, umepagawa? Hao wanakuja!"

"Zima, nimesema."

Nikateremsha mlango wa bati, nikatia kufuli, ufunguo nikautumbukiza kifuani. Nilijua kamati inaweza kuninyang'anya kantini kesho yake. Nikamshika Gomati mkono, tukazunguka nyuma na kuingia ukumbini, aproni zetu zikinuka samli.

Walikuwa bado wanamiminika kutoka. Kisha nikasikia bati likigongwa, likatikiswa, likatukanwa. Na kwa kuwa nje kuna mvua na ndani hakuna kahawa, wakaanza kurudi mmoja mmoja, nyuso zimevimba, wakajitupa vitini kwa kununa. Jukwaani mwenye ngoma alikuwa anamaliza zamu yake. Raghu akainua kichwa, akaona watu wanaingia badala ya kutoka. Nadhani alifikiri kumetokea moto.

Panju akanikuta safu ya nyuma.

"Wewe! Kantini imefungwa?"

"Imefungwa."

"Nani kaifunga?"

"Mimi."

"Mwanamke, watu wana njaa! Nenda kafungue sasa hivi, ama kamati itanisikia."

"Chungu kikimaliza, nafungua."

"Chungu? Unatushindisha njaa kwa ajili ya chungu?"

"Mzee Panju," nikamwambia, wala sikushusha sauti, "kule sinema Mambalam ulikaa mpaka taa zikawashwa. Na hapa kaa."

Gomati akakohoa. Panju akafungua mdomo, akatazama kushoto, akatazama kulia kuona nani kasikia, kisha akaketi. Akaketi hapohapo kando yangu.

Zamu ya Raghu ikafika. Usiniulize alipiga nini, nimekwisha kukuambia sijui. Alianza polepole kwa kucha, juu shingoni, kidogo tu. Kisha akashuka tumboni mwa chungu na sauti nzito ikatoka, nikaisikia miguuni. Ngoma ikamwuliza, akajibu. Ikamwuliza kwa ukali, akajibu kwa ukali zaidi, huku anacheka. Mwanangu nyumbani hacheki hivyo. Nililia, na sikujificha. Niliona uchungu kwa misimu yote niliyopoteza nikiwageuzia dosa watu hawa wasio na maana. Walipofika mwisho, ngoma na chungu vikaanguka pamoja, nikafanya ninachokifanya kila shujaa anapoingia. Nikapiga mluzi.

Ukumbi mzima uligeuka. Bibi mmoja alishika kifua. Panju alijifunika uso kwa shali. Raghu kule juu aliinamia chungu chake, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nilifungua kantini kama nilivyoahidi. Panju alikuwa wa kwanza dirishani, njaa haina haya. Raghu naye alikuja kusimama kando kunywa kahawa yake. Panju akatafuna, akameza, na kwa mara ya kwanza akasema baada ya kumeza.

"Pale mwishoni, kijana alikimbia mbele ya mapigo. Ngoma ilibidi imfuate mbio."

Nilishika upawa. Haki ya Mungu ningempiga nao. Lakini Raghu akaniwahi.

"Ni kweli, mzee. Nilikimbia." Akanigeukia, uso wote umemchanua. "Mama, amesikia!"

Kamati haijaniita mpaka leo. Mjumbe wao ana sababu zake za kunyamaza.

Jumatatu asubuhi redio ilikuwa inacheza wimbo wa picha ninayoipenda kuliko zote, na mimi sikuusikia. Raghu alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko na chungu chake, anagonga kile kipande cha mwisho, anakirudia, anakirudia tena, mpaka masikio yananiwasha.

"Na Tiruppur?" nikamwuliza.

"Tiruppur nini?" akasema, hata kichwa hakuinua.

Nikamwambia anyamaze, watu wanasikiliza redio. Hakunyamaza, na redio nikaizima mwenyewe.