Inchi Mbili za Mama Pindo

Panya hana adabu. Chumba cha kushonea cha Mama Pindo kilikuwa na matambara ya kumshibisha yeye na ukoo wake wote, lakini hapana, akatoboa kabati kwa nyuma, pale penye ubao mwembamba wa hadibodi, akaenda moja kwa moja kwenye gauni la bibi harusi. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Mama Pindo alilia, akafuta machozi, akashona upya kipande chote cha mbele, na bibi harusi akatoka amependeza. Lakini mama wa bibi harusi hakusahau. Alilitangaza lile tundu mtaa mzima, na kila akisimulia likazidi kukua, mpaka likafikia ukubwa wa sahani.

Sasa mama huyo huyo alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kwaya, na kwaya ilitaka fundi wa kushona majoho arobaini na kuyatunza mwaka mzima. Alipiga simu mwenyewe.

"Mikono yako naijua, fundi, sina neno nayo," alisema. "Ninachotaka kuona ni mahali vitambaa vyangu vitakapolala. Jumamosi saa kumi nipo hapo."

Akiridhika, lile tundu limezibwa na jina la fundi limesafishika. Asiporidhika, basi tena.

Wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa akikaa nao, alikuwa na jibu tayari, maana huyo hakosi jibu. "Nenda dukani ununue kabati jipya linalong'aa, mambo yaishe."

"Wifi, lile lililotobolewa lilikuwa jipya," Mama Pindo alimwambia. "Tena liling'aa mpaka panya akajitazama kwanza kabla ya kula."

Alitaka kabati la zamani, la enzi ambazo mbao ilikuwa mbao. Jumamosi asubuhi alichukua futi yake ya kamba akapima lile shubaka kubwa lililoingia ndani ya ukuta, mahali pekee ambapo kabati lingekaa bila kuziba mlango wala kugombana na meza ya kukatia. Akapima mara mbili, akaandika inchi hamsini kwenye daftari la wateja, chini ya kipimo cha kiuno cha mwalimu mmoja, akaondoka.

Vitu vya kale vilikuwa kwa Mzee Bawaba, aliyeitwa hivyo kwa sababu magoti yake yalilia kila alipoinama. Ghala lake lilijaa makabati hadi darini. Mama Pindo hakuwa mgeni wa kuchagua. Nguo huwa anaigeuza kwanza, aitazame kwa ndani, kwa sababu nje kila mtu anajua kudanganya. Akaamua kabati nalo atalifanyia hivyo hivyo. Akatoa mkobani kipande cha hariri.

"Hicho ni cha nini, mama?" Mzee Bawaba aliuliza.

"Hiki ndicho fundi seremala wangu. Akisema hapana, ni hapana."

La kwanza lilikuwa na kioo cha maua na rangi ya kupendeza. Akachomoa droo, akapitisha hariri ndani, ikanasa kwenye kichwa cha msumari ikatoa nyuzi. Hapana. La pili lilikuwa zuri kweli kweli, akalipenda, akaanza hata kulipangia vitambaa kichwani. Kisha akapiga magoti akaona chini ya miguu ya kabati unga mweupe wa mbao, mbichi kabisa. Wadudu walikuwa bado mezani.

"Hao nitawapulizia dawa," Mzee Bawaba alisema.

"Wapulizie, halafu ukae nao."

La tatu lilikuwa kule nyuma, limegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Lilikuwa kabati la dawa la zahanati fulani ya zamani, limepakwa rangi ya kijani iliyobanduka, na juu limevalishwa taji la mbao lililojitokeza pande zote. Baya jamani! Lakini mgongo wake ulikuwa mbao nzima nzima. Pembe za droo zilishikana kwa meno, kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Hariri iliingia ikatoka laini. Mama Pindo akaingiza kichwa ndani, akaangaza kwa simu, akakagua hata dari la kabati lenye vigingi vinne, mpaka Mzee Bawaba akauliza kama anatafuta dawa ya kikohozi. Mwisho akapima lile taji, mahali penye upana kuliko pote. Arobaini na tisa na nusu.

"Nachukua hili."

"Nikiuza sirudishiwi, mama, tuelewane."

"Nani arudishe?"

Saa saba wapagazi walilifikisha, wakalisukuma hadi kwenye shubaka, likagonga ukuta likagoma. Wakasukuma tena. Likagoma tena. Wakaliacha katikati ya chumba, wakaaga na kwenda zao.

Mama Pindo akachukua futi akapima shubaka upya. Arobaini na nane. Akatazama daftari. Hamsini. Akautazama mkono wake. Mtu akija kupimwa, wewe unapima mwili halafu unaongeza inchi mbili, ili avute pumzi na akae kitini bila aibu. Miaka thelathini mkono wake ulikuwa ukiongeza zile inchi mbili bila kumwuliza. Leo ulikuwa umeupimia ukuta gauni.

Wifi alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. "Umemwachia ukuta nafasi ya kupumua! Wifi, utaniua mie!"

"Cheka, ukimaliza uniambie," Mama Pindo alisema. Zilibaki saa tatu kasoro. Aliona jinsi mwenyekiti atakavyokuta kabati limesimama njiani kama ng'ombe, vitambaa sakafuni, na jinsi atakavyotoka na hadithi mpya ya kutangaza. Akaogopa sana.

Kisha akajiambia, nguo ikikataa unafanyaje? Unaigeuza. Akafungua milango, akaingiza tena kichwa ndani, na pale darini akaviona vile vigingi vinne alivyoviona ghalani, pembeni ya kila kimoja namba kwa penseli. Moja, mbili, tatu, nne. Asubuhi alidhani ni urembo wa seremala. Sasa alielewa. Fundi wa zamani alijua kabati lake litapita milango ya watu, kwa hiyo taji hakulipigilia. Alilikalisha tu juu.

"Wifi! Acha kucheka, leta stuli mbili!"

Wakapanda, mmoja huku mmoja kule. Mama Pindo akagonga vigingi kutoka chini kwa kisigino cha kiatu, vikalegea kimoja kimoja. Wakainua. Taji likatoka zima, na vumbi lake likamwangukia wifi kichwani akawa na mvi za ghafla.

Kiwiliwili cha kabati kilikuwa inchi arobaini na saba. Wakasukuma, wakasukuma tena, na kabati likateleza likaingia shubakani, likabakiza nusu inchi kila upande. Mama Pindo alipiga kigelegele hadi mbwa wa jirani akajibu.

Saa kumi kamili mwenyekiti aliingia. Taji lilikuwa limeshatundikwa juu ya dirisha, pazia likining'inia chini yake kana kwamba ndiyo kazi yake tangu zamani. Hakusalimia sana. Alichomoa droo, akagonga mgongo wa kabati kwa ngumi, ukamjibu kwa sauti nzito. Akapiga magoti akatafuta tundu. Hakuliona. Mama Pindo akampa kile kipande cha hariri. Mwenyekiti akakipitisha kila kona, akakitazama kwenye mwanga, uzi hata mmoja haujanasa.

"Lile tundu," akasema, "nililitia chumvi."

"Lilikuwepo, mama mwenyekiti."

"Lilikuwepo, ila halikuwa la sahani. Nitawaambia wenzangu." Akavua koti, akanyoosha mikono. "Haya, anza na mimi. Na usinibane, fundi, mimi naimba sauti ya kwanza."

Wifi, mwenye mvi zake, akashika daftari. Mama Pindo akazungusha futi kifuani mwa mwenyekiti, akasoma arobaini na nne.

"Andika arobaini na sita," akasema.